Vumbi la Kijani

Mashine ya kusagia majani ilipozimwa, masikio ya binti aliyeisimamia yaliendelea kuvuma. Alijipapasa nyusi. Vumbi la kijani lilikuwa limetuama humo, na puani, na kwenye mikunjo ya kilemba. Hakujipangusa. Vumbi hilo ndilo alilokuwa akimpelekea mama yake.

Kila jioni mama alikitumbukiza kilemba kwenye beseni la maji ya moto, akajifunika shuka na kuvuta mvuke mpaka kifua kikaacha kupiga miluzi. Zamani hakuhitaji kilemba. Mmea wa majani hayo ndio uliokuwa ua uliozunguka nyumba yao. Mtu alinyoosha mkono dirishani akachuma. Kisha watu wa maabara walikuja kuomba majani kidogo, wakapewa viti wakaketi, wakaondoka, wakarudi na habari.

"Tumegundua dawa ya pumu humu," Daktari wao alisema.

"Mmegundua?" Mama alicheka hadi akakohoa. "Kwani ilikuwa imepotea, mwanangu?"

Daktari naye alicheka. Baadaye ua uling'olewa, ukahamishiwa nyuma ya ukuta wa maabara, na tangazo likabandikwa: marufuku kuotesha mmea huu nyumbani. Binti akapewa kazi ya kusaga. Hiyo ndiyo iliyoitwa fidia.

Leo alibisha hodi kwa Daktari. Alimkuta ameinamia kibao cha kupimia dawa chini ya taa ya zambarau. Maji ya majani yalikuwa yamepanda juu ya kibao na kujitenga madoa madoa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba." Daktari ndiye aliyekuwa mdogo kwa umri.

"Mama amezidiwa tangu asubuhi. Vumbi halimtoshi tena… Naomba konzi moja tu ya majani."

Alishajitia kitanzi kwa neno moja. Daktari aliinua kichwa.

"Vumbi gani?"

Binti akakishika kilemba.

"Dada yangu, tazama hapa. Doa hili ndilo linalofungua kifua. Hili la pembeni bado hatulijui. Likimdhuru mama, nani atajibu?"

"Ameyatumia tangu usichana wake."

"Huo si ushahidi." Alisema kwa upole kabisa. "Subirini vidonge."

"Vinatoka lini?"

"Tukishalijua la pembeni."

Alipotoka tu, simu ya getini ililia.

Mlinzi, ambaye wote walimwita Kufuli, alikuwa amesimama kando ya bomba, kipande cha sabuni mkononi.

"Vua kilemba, shangazi. Amri imeshuka sasa hivi. Wanasema mnayabeba majani kichwani kama kuku aliyepakwa viungo."

"Niachie, baba. Mama yangu yuko vibaya."

"Nikuachie, mimi nikale wapi?"

Binti aliosha nywele. Aliosha nyusi. Akakifua kilemba, Kufuli akakinusa, akamwambia arudie. Maji ya kijani yalifuata mfereji, yakapita chini ya ukuta, yakamwagika barabarani.

Nyumbani, mama alikuwa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, beseni likifuka mvuke miguuni pake. Hakuweza kusalimu. Alinyoosha mkono tu. Binti akampa kilemba.

Mama alikitumbukiza, akajifunika shuka. Mabega yalipanda, yakashuka, yakapanda. Miluzi haikukoma.

"Leo kinanukia… sabuni," sauti ilitoka ndani ya shuka.

"Ndiyo, mama."

"Ya… manukato."

"Ndiyo."

Mama akaendelea kuvuta.