Gari Linalolala Pua Juu

Kwa mwezi mzima gari letu lilikuwa gumu kuwaka alfajiri. Jumatano liligoma kabisa mpaka betri ikachoka, nami nikakosa zamu yangu ya kusafishwa damu hospitali. Zamu ni mara tatu kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, na kwetu saa hizo hakipiti chombo kingine. Daktari aliniambia kwa simu kwamba Ijumaa nisithubutu kukosa.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli, kuukuu, imeizidi ndoa yangu umri. Baba mkwe alimwachia mume wangu pamoja na nyumba. Kaka mtu, fundi wa magari ambaye kila mtu humwita Spana, alipewa kipande tambarare cha ardhi tupu, upande wa juu wa uwanja. Nani alipunjwa? Muulize yeyote kati yao, atakwambia ni yeye. Huu ni mwaka wa nne hawasemeshani. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilipewa usukani.

Maana ni mimi niliyekuwa nikilipeleka gari gereji, mchana, likishasukumwa na majirani. Spana alibadili plagi za kupasha moto, akasafisha vichwa vya betri, akafungua stata na kuipiga brashi. Mara mbili alililaza kwake, na mara mbili asubuhi liliwaka papo hapo. Akaanza kunitazama kama mtu anayesingizia gari la watu.

Alhamisi nilimwomba aje alione nyumbani. Akasema fundi huletewa gari, halifuati. Nilivua kiatu, nikabonyeza mguu uliovimba kwa kidole gumba, nikakitoa. Shimo likabaki. Spana alilitazama mpaka lilipojaa lenyewe, kisha akauliza kesho tunatoka saa ngapi.

Alikuja kabla hakujapambazuka, na tochi na kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Alinisalimia mimi tu. Mume wangu alisimama nyuma ya gari, mikono mfukoni, kama asimamavyo kila siku akisubiri kusukuma. Gari lilikuwa limelala kama kawaida yake, pua juu ya mteremko, matairi ya mbele yakikaribia kugusa mawe yanayogawa uwanja wetu na kipande chake. Spana aling'oa mawe manne mpakani, akayakingia magurudumu ya nyuma yasirudi. Nikawasha. Stata ilizungusha, ikazungusha, na injini isiitike.

"Shemeji, likigoma hivi linatoa moshi?"

Nilimjibu kwamba mimi hukaa mbele, na moshi uko nyuma. Mume wangu akatoa mikono mfukoni.

"Halitoi," mume wangu akasema. "Hata kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Spana aliinamisha kichwa juu ya injini. Alipoanza kueleza alikuwa akilieleza gari, si sisi. Plagi zikifa, dizeli huingia bila kuungua na moshi mweupe hutoka. Pasipo moshi, dizeli haifiki. Kumbe mwezi mzima alikuwa anatibu baridi ya gari lenye kiu, na neno moja la huyu aliyesimama nyuma lingetosha. Nilikasirika. Ningekuwa na nguvu ningewachapa wote wawili.

Alifunga mpira wake kati ya filta na pampu, akaniambia niwashe. Viputo vya hewa vikapita. Akaingia uvunguni kwa tochi, akafuata bomba mpaka penye mpira wa zamani uliopasuka chini ya kibano. Gereji kwake ni tambarare. Hapa kwetu, pua ikiwa juu, hewa iliingia usiku kucha na dizeli ikarudi tangini. Alikata palipopasuka, akakaza kibano kipya, akasukuma pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu. Likawaka mara moja.

"Kwa nini hamliegeshi pale juu?" aliuliza, akifuta mikono.

"Pale si pangu," mume wangu akasema.

Spana aliyatoa mawe nyuma ya magurudumu ili tupite, akayatupa moja moja kando ya ukuta, mbali na mpaka. Kisha akakusanya vyuma vyake akaondoka kwa miguu. Mimi nilichelewa hospitali dakika kumi tu, wakanipokea.

Jumatatu alfajiri nilitoka nje nikakuta mahali pa gari patupu. Halafu nikalisikia likiwaka, mara moja tu, kule juu, ng'ambo ya mawe, na mume wangu akaniita nisijihangaishe kupanda, analishusha.

Mpira ulikuwa umeshapona. Gari lingeweza kulala popote, hata mteremkoni.