Bega la Kushoto

Kabla zamu ya asubuhi haijaanza, wafanyakazi wa kiwanda cha barafu huvaa sweta juu ya sweta, soksi juu ya soksi, kisha aproni na buti za mpira. Koleo ndiye aliyekuwa akitangulia kumaliza. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu ya kifaa chake cha kazi, koleo refu la chuma la kung'atia bonge la barafu na kuliburuta hadi kwenye meza ya kukatia. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa makamo, asiye na maneno mengi, na bonge halikumponyoka ovyo.

Asubuhi moja msimamizi alimwondoa mezani mkataji waliyemwita Mrefu. Mrefu hakugomba. Tangu mvua zilizopita bega lake la kushoto lilikuwa la moto, na kila alipoinama kukata, bonge liliyeyuka upande mmoja likabaki limelika kama sabuni ya jana. Wauza samaki walikuwa wameanza kunung'unika kwamba wanauziwa maji. Msimamizi akampeleka getini akapakie magari, akamwambia asichukulie vibaya, si yeye peke yake. Hata dereva wa lori alikuwa na bega la namna hiyo, na ilimbidi aendeshe kioo kikiwa chini, mvua inyeshe isinyeshe.

Mabega yalianza kupata joto wiki ile Mnenaji alipozikwa. Kila aliyewahi kukumbatiwa naye aliamka na joto begani, pale hasa Mnenaji alipokuwa akiegemeza kidevu. Walikwenda zahanati. Daktari aliwapima, hakuona homa, akawaambia wanywe maji ya kutosha. Baada ya hapo mji ulizoea. Mama mmoja mwoka mikate alikuwa akifunga donge la unga kwenye kitambaa na kulibeba begani, likaumuka kabla hajamaliza kufagia. Kinyozi wa sokoni alikausha taulo zake begani. Watoto wenye mafua walilazwa upande wa kushoto wa wazazi wao na walipona upesi.

Mnenaji alikuwa mume wa Koleo.

Zamani aliuza magodoro. Kisha akagundua kwamba watu wanarudi dukani hata wakiwa na magodoro mapya nyumbani, wanataka tu kumsikia anavyoongea. Akaacha magodoro, akashika kazi ya kuongea. Aliitwa vyuoni, viwandani, kwenye kumbi za mikutano, miji ya karibu na ya mbali. Aliongea juu ya upendo na namna watu wanavyoweza kukaa nyumba moja bila kukutana. Hakuwa tapeli. Maneno yake yalikuwa mazuri na watu walitoka pale wakiwa wepesi.

Katikati ya kila hotuba alikuwa akishusha sauti na kusogea ukingoni mwa jukwaa. Hapo ndipo aliposema maneno ambayo mji mzima uliyajua kwa moyo: "Mimi kila jioni nikifika nyumbani, kabla sijavua viatu, namuuliza mke wangu, siku yako ilikuwaje? Kisha nanyamaza. Nanyamaza mpaka amalize." Ukumbi ulitulia tuli. Mwishoni watu walipanga foleni, naye akamkumbatia mmoja mmoja, hata foleni ikizunguka jengo.

Waliorudi nyumbani wakauliza swali lile walipata majibu. Ndoa zilizokuwa zimebakiwa na uzi mmoja zilishonwa upya. Ndugu waliosusiana walianza kupigiana simu. Sokoni, wanawake ambao Koleo hakuwajua walimshika mkono wakamwambia ana bahati, kisha wakamwongezea nyanya.

Nyumbani Mnenaji alifika sauti ikiwa imemwishia. Alinyoosha kidole kwenye jagi, Koleo akammiminia maji. Alikula akiangalia ukuta, akijikusanya kwa ajili ya kesho, kisha akalala. Hakupiga, hakulewa, hakutukana. Kuna wakati Koleo alimshuku ana mwanamke, akachunguza kimyakimya kwa muda mrefu, asimpate. Karibu asikitike. Laiti angempata, angalau angejua maneno ya mumewe yanaishia wapi.

Mwaka mmoja bonge lilimwangukia mguuni, likamvunja vidole. Alifungwa plasta, akatembea kwa gongo, plasta ikatolewa. Siku nyingi baadaye Mnenaji aliangalia mlangoni akauliza kwa ishara kwa nini kandambili moja imechakaa kuliko nyenzake. Mama yake Koleo alipofariki, Mnenaji alikuwa mji mwingine akiongea juu ya kufarijiana. Alirudi wageni wakiwa wameshaondoka na viti vimerudishwa kwa wenyewe.

Kwa hiyo mabega ya watu yalipopata joto, Koleo alijifungia chumbani akajipapasa mbele ya kioo. Hakuamini mikono yake, kwa kuwa mikono ya mtu wa barafu haijui joto ni lipi. Akamwita binti yake, ambaye ni msusi na ana vidole vinavyosikia kila kitu. Binti akagusa bega la kushoto, la kulia, mgongo, shingo.

"Baridi, mama," akasema. "Kama ukuta."

Koleo akafunga vifungo vya blauzi, akaenda kuinjika maji.

Mwaka ulipokaribia kutimia, wenye mabega walikata shauri kufanya mkutano wa kumkumbuka Mnenaji. Mwenyekiti wao alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mpole aliyeweza kushika jambo bila kulipigia kelele. Alimfuata Koleo nyumbani, akakaa, akasifia mapazia, kisha akasema kilichomleta. Watu walikuwa wamesikia swali miaka yote. Jibu hawakuwahi kulisikia. Walimwomba mke wa Mnenaji asimame awaambie alikuwa akimjibu nini mumewe jioni. Koleo alisema yeye si mtu wa kuongea mbele za watu. Muuguzi akasema aongee tu kama alivyokuwa akiongea na marehemu.

Muuguzi alipoondoka, binti alitoka jikoni akamwambia mama yake asimame kweli, awaambie kwamba hakuulizwa hata siku moja. Alisema kwa hasira, mkono ukiwa umeshika kitana. Alisema mtu akishakufa hana haki ya kuendelea kusifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Koleo alimsikiliza. Hakuona kosa katika maneno yale.

Siku ya pili yake, saa ya chakula, Mrefu alimfuata kwenye benchi la nje. Alikaa kushoto kwake, bega la moto likiwa upande wa nje, ili asimchomee mkate. Alimweleza jambo ambalo hakuwa amelieleza kiwandani. Kabla ya Mnenaji kuja kuwahutubia pale kiwandani, yeye na mkewe walikuwa wameshagawana vyombo. Mke alikuwa kwa dada yake. Mrefu alitoka kwenye hotuba akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, akasimama mlangoni na buti zake za kazi, akauliza lile swali. Mke alidhani amelewa. Kisha akaanza kujibu, akajibu mpaka chungu kikaungua, wakacheka kwa ajili ya chungu, na hapo ndipo waliporudiana. Sasa walikuwa na mtoto. Mtoto alilala begani.

"Nikiona nyumba yangu sasa hivi, dada, najua ni nakala," Mrefu akasema. "Yenyewe ni yako. Huwa nawaza tu, yenyewe inafananaje."

Koleo alitafuna polepole. Aliangalia mikono ya Mrefu, mikubwa, imepasuka kwa baridi. Akamwambia mkate umekuwa mkavu, akarudi ndani kabla ya king'ora.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mafeni yalizungushwa mpaka mwisho lakini hayakufua dafu, mabega yalikuwa mengi mno. Vioo vya madirisha vilitoka jasho. Waliokuja bila kuwahi kukumbatiwa walikaa mlangoni wakijipepea kwa ratiba. Koleo alikaa mbele na binti yake, na katika safu ile ni yeye tu aliyebaki na sweta mwilini.

Muuguzi alimkaribisha. Alipanda jukwaani kwa shida kidogo kwa sababu ya ule mguu. Mbele yake kulikuwa na nyuso nyingi, zote zimenyanyuka kidogo, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Binti yake alimwangalia bila kupepesa macho. Mrefu alikuwa safu ya tatu na mkewe, na mtoto wao amelala.

Koleo alisimama pale mpaka baadhi ya watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, "Nitawaambia siku zangu."

Akawaambia. Alianza na barafu inavyotoa mlio ikipasuka alfajiri, kama mtu anayesafisha koo akitaka kusema jambo. Akasema juu ya vidole vya mguu, jinsi ambavyo hakusikia maumivu mpaka alipofika nje kwenye jua. Akasema juu ya siku mama yake alipofariki: alipata habari akiwa na koleo mkononi, akamalizia kuburuta bonge lile kwa sababu lilikuwa limeshang'atwa, na machozi hayakumtoka mpaka alipovua sweta ya pili. Akasema juu ya mimba iliyotoka, kabla ya huyu binti, ambayo alidhani ingekuwa mtoto wa kiume. Binti yake hakuwa anaijua habari hiyo. Akasema kuna jioni alipakia nguo zake kwenye mfuko, akakaa kitandani na mfuko mapajani, kisha akazitoa moja moja akazirudisha kabatini.

Alisema vyote kwa sauti ile ile, bila kupanga, akirudi nyuma pale alipokumbuka kitu. Alisema juu ya vitu vidogo pia: muuza nyanya aliyemtania, ndege aliyeingia kiwandani na kukataa kutoka, blauzi ya kijani aliyoinunua akaivaa na hakuna aliyesema neno. Ukumbi ulisikiliza. Walikuwa watu waliofundishwa kusikiliza, na walijua kazi yao. Hata mafeni mtu aliyapunguza ili asikike. Watu walitikisa vichwa kwa mshangao wa heshima kwamba mwanamke alimweleza mumewe mambo kama hayo, hata habari ya mfuko wa nguo.

Alipomaliza alionekana amechoka, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kidogo, kama ya mtu aliyetua ndoo. Muuguzi alijifuta macho akauliza, kwa niaba ya wote, "Na yeye alikuwa akisema nini?"

Koleo alifikiri. Alimwangalia binti yake. Alimwangalia Mrefu, aliyekuwa ameshika mkono wa mkewe na hajui kama ameushika.

"Alikuwa ananyamaza," akasema.

Watu walisimama. Walipiga makofi huku wanalia, na joto likapanda hata balbu moja juu ya jukwaa ikapasuka. Mlinzi akafagia vigae. Kisha wakapanga foleni kumkumbatia. Walimkumbatia mmoja mmoja, kwa muda mrefu, jinsi walivyofundishwa. Yeyote aliyetoka mikononi mwake alirudi kwenye kiti akatafuta koti. Bega la Koleo lilibaki lilivyokuwa. Zamu ya Mrefu ilipofika, Koleo alimpigapiga mgongoni kama mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzake.

Walitoka yeye na binti yake wakaenda kituo cha basi. Lilikuwa jua la alasiri. Binti alitembea mbele kidogo, shingo imekakamaa, na walipofika kituoni akasema mama amemtakasa baba.

"Sikusema uongo," Koleo akasema.

"Najua. Ndiyo maana."

Walisimama. Basi lilichelewa. Binti alifungua mkoba, akaufunga. Kisha akafungua kilemba chake, akashika mkono wa mama yake, akauweka utosini. Pale katikati, upana wa kifuniko cha chupa, palikuwa na joto, hata mkono wa barafu ukalisikia. Halikuwa kali kama la mabega. Lilikuwa la zamani, limetulia.

"Tangu wiki ile ile," binti akasema. "Sikutaka uone."

Alieleza. Alikuwa mdogo, baba ndiyo kwanza ameacha magodoro, mama yuko zamu. Baba alimsimamisha sebuleni, akamwekea mkono kichwani, akamuuliza siku yake ilikuwaje. Siku hiyo shuleni alikuwa amesukumwa na wenzake na soksi yake ilichanika.

"Ukamwambia?"

"Nilianza. Akasema vizuri, sauti imekaa vizuri. Akarudi mlangoni, akaingia tena tangu mwanzo. Tulirudia mara nyingi, mama. Mimi kila mara nikaanza."

 Koleo aliuacha mkono wake pale utosini, vidole vimetandazwa, akiangalia barabara. Watu wa kituoni waliwaona wakawapisha kivuli. Baada ya muda akamuuliza binti yake ni nani aliyemsukuma, na binti akamtaja, na akaeleza ilivyokuwa, na soksi ilikuwa ya rangi gani.

Basi lilipofika walipanda, wakapata viti vya nyuma. Binti akafunga kilemba chake. Koleo aliuweka mkono wake mapajani, akauangalia, akaukunja. Ulikuwa umeshapoa.