Mtihani wa Mzee Muinde

Ndambuki, mwenyekiti wa kamati ya maji hapa Mboghoni, alinipigia simu kabla sijavua sweta. Mzee Muinde alikuwa amefungua tena lango la mfereji siku isiyo zamu yake, na shamba la jirani limefurika. Kama ni mgonjwa, niandike barua. Kama si mgonjwa, Jumamosi wanamkatia maji.

"Mimi ni nesi, si mhuri!" nikamwambia, nikakata simu.

Hasira zangu nazijua. Lakini nyanya za Mutheu, mke wa mzee, ndiyo kwanza zilikuwa zinatoa maua, na wiki moja bila maji zingekauka zote. Mzee mwenyewe aligawa maji kwenye mfereji ule miaka ishirini. Siku hizi anasahau kwamba alistaafu. Nikaagiza aletwe zahanati Alhamisi nimpime kumbukumbu.

Alifika amevaa tai. Mutheu akaketi nyuma yake.

"Mzee, huu ni mwaka gani?"

Akapata. Mwezi, akapata. Tarehe pia akapata, na mimi mwenyewe ilibidi nichungulie simu.

"Sasa nitakutajia maneno matatu, uyashike..."

"Ndizi, jembe, paka," akasema mzee.

Wueh! Nilikuwa sijataja hata moja. Nikamtazama Mutheu, naye akatazama dari. Ndipo nikakumbuka kwamba mwezi uliopita alimsindikiza jirani yake kupimwa, na fomu yangu ni hiyo hiyo moja kwa watu wote.

"Mama, umemfundisha?"

"Kidogo tu, Sista. Tangu Jumatatu."

"Haki wewe mama utaniua! Si unataka barua ya ugonjwa? Akipita, nitaandika nini?"

"Najua," akasema, machozi yakimlenga. "Lakini ningemletaje Muinde hapa aanguke mtihani mbele yako? Muinde, Sista?"

Miaka yote hii nimepima watu bila kumwangalia anayekaa nyuma ya kiti, na niliona aibu. Nikaiweka fomu kando.

"Mzee, huyu mama uliyekuja naye ni nani?"

Akageuka, akamwinamishia kichwa kwa heshima.

"Huyu ni mwalimu. Ana subira sana. Ananifundisha wiki nzima na hajanigombeza hata mara moja. Mke wangu angekuwa ashanirushia mwiko."

Mutheu ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso, halafu hakuiondoa tena kwa muda mrefu.

Niliandika barua: mzee ni mgonjwa, zamu yao ya maji ibaki, lango litiwe kufuli, na Jumamosi nakuja mkutanoni mwenyewe, anayetaka kubisha abishane na mimi. Chini ya fomu kuna mstari wa huduma baada ya vipimo. Siku zote huwa naandika arudi baada ya miezi mitatu. Safari hii niliandika jina la Mutheu, na kwamba nitapita kwake kila Jumanne.

Mzee akaniinamia karibu.

"Sista, nimeanguka?"

"Kidogo, mzee."

"Basi tafadhali," akanong'ona, "mke wangu asijue. Siku hizi ana wasiwasi sana juu yangu."

"Hatutamwambia," akajibu Mutheu, akamnyoosha tai.