Mtu Mzima wa Jumamosi

Bibi Damari alikuwa jikoni anapuliza moto aliposikia mjukuu wake Severina akiongea na simu uani.

"Mguu nimemaliza. Jumamosi naanza mtu mzima. Mwalimu kasema niko tayari."

Bibi akaacha kupuliza. Mtu mzima gani huyo, na binti mwenyewe ndio kwanza ana miaka kumi na tisa?

Tangu Machi Severina alikuwa akienda kwa mwalimu Melkizedeki, hapo hapo Mwankoko, kujifunza kuchora. Miezi mitatu karatasi zote ni mguu ule ule wa sanamu ya plasta, mweupe kama wa mfu.

"Mguu mmoja miezi mitatu? Hata ng'ombe ana minne," Bibi aliwahi kumwambia.

"Mpaka jicho lizoee, Bibi."

"Lizoee nini?"

Severina akakunja karatasi zake. Basi siku ya simu ile Bibi akaapa: akiona la aibu, kuchora kumekwisha, Severina ataenda Shelui kwa shangazi yake kukaanga maandazi. Binti alilia siku nzima.

Jumamosi ilipofika, Bibi alimwacha atangulie, kisha akajifunga kanga akamfuata. Akachungulia dirishani. Mzee Paulo, wanayesali naye kanisa moja, amekaa kwenye stuli kifua wazi. Severina amefumba jicho moja, amenyoosha mkono, ameshika uzi wenye jiwe la timazi, kama fundi anayenyoosha ukuta. Mtu hupimwa kwa kamba siku ya jeneza tu!

Bibi akaingia bila hodi. "Paulo! Unapimwa ungali hai?"

"Nyamaza, Damari, nimekatazwa kutikisika."

"Shikamoo mama," mwalimu akasema.

"Marahaba. Mtu mzima ndiye huyu?"

"Ndiyo, mama. Mtu mzima, toka utosi hadi unyayo. Kuchora kipande tu amemaliza."

Kumbe! Bibi akakinyooshea kidole kifua cha Paulo. "Na shati liko wapi?"

"Likiwepo, mifupa ya bega haionekani."

"Na suruali?"

Mwalimu akakawia. Severina akayatazama mavumbi ya mkaa vidoleni mwake.

"Kwenye shule kubwa za kuchora huvuliwa, mama. Hapa kwangu haivuliwi."

Angejibu haraka, Bibi angemshika binti mkono wakaondoka. Lakini mtu huyu alikuwa amesema ukweli ambao haukumsaidia yeye mwenyewe. Bibi akasogelea karatasi.

"Umemkosea. Bega la kushoto limeanguka."

"Sijakosea, Bibi. Shika uzi, fumba jicho."

Akafumba. Kweli, lilikuwa limeanguka. Miaka thelathini kanisani hajaliona!

"Nilivunjika nikichimba kisima," Paulo akasema, midomo haifunguki vizuri. "Wewe ulikuwa unatazama sadaka tu."

Bibi hakucheka. Alivuta kigoda akakiweka katikati ya mlango, asipite mtu bila kumruka.

"Haya, chora," akamwambia Severina. "Kila Jumamosi nitakuwa hapa. Na wewe Paulo, kaza huo mkanda."