Weusi Juu ya Pini

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mji wa Zeitz. Heidrun Pätzold alifungua mlango wa karakana, akatundika koti lake, kisha akasita. Piano ya kwaya ilikuwa wazi palepale alipoiacha jana. Lakini daraja lake jipya, yaani ule mgongo wa mbao ngumu unaobeba nyuzi, lilikuwa jeusi kupita kiasi.

Aliinama. Vichwa vya pini zinazoshikilia nyuzi darajani, ambavyo alivisugua kwa tupa mpaka vikameta, vilikuwa vimechafuka. Unga wa penseli hupakwa juu ya daraja kabla ya kutoboa matundu. Hakuna fundi anayeupaka baada ya pini kugongwa, isipokuwa ana ufa wa kuficha.

Baba mkwe wake, Ottmar, alikuwa ameketi karibu na jiko akimenya yai.

"Baba, nani amezipaka pini wanja?"

"Mimi. Weusi ulikuwa umefifia."

"Umefifia tangu jana jioni?"

"Binti, umekuja kazini au umetumwa na polisi?"

Heidrun alicheka kwa adabu tu. Walikuwa wamegawana kazi: mzee alitoboa upande wa nyuzi nene, yeye akatoboa wa nyuzi nyembamba. Macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu, na miwani aliiita pambo la wagonjwa. Tundu likienda kombo, mbao hupasuka kutoka pini hadi pini, na nyuzi zikikazwa ufa huachama. Kesho zilikuwa zikazwe. Kesho hiyohiyo Heidrun alikuwa aandike jina lake kwa penseli ubavuni mwa kibao cha kwanza cha kupigia, juu ya jina la mzee, kwa mara ya kwanza. Katika nyumba ile, jina la juu ndilo lililojibu lawama.

"Nenda kanywe kahawa, Baba. Mimi nitaandaa nyuzi."

"Kahawa ninayo."

"Na mkate?"

"Ninao. Hata chumvi ninayo."

Akavuta kiti chake, akakisogeza karibu na piano.

Mlango ulipobishwa, alikuwa Bi. Leuschner, kiongozi wa kwaya, amekuja kuuliza kama piano itakuwa tayari Jumapili. Ottmar aliinuka kumpokea. Papo hapo Heidrun alilowesha kitambaa kwa spiriti, akapangusa upande wa mzee, akasubiri. Juu ya mbao nzima spiriti hukauka upesi. Penye ufa hubaki mstari wa unyevu. Upande wa mzee ulikauka wote. Akapangusa tena kwa nguvu zaidi. Ulikauka tena.

Ndipo akapangusa upande wake mwenyewe. Mstari ulibaki, ukipita kwenye pini moja baada ya nyingine kama mshono wa pindo.

Akaikumbuka Jumatatu. Alikuwa amechagua jino la keekee jembamba kuliko aliloambiwa, ili pini zishike barabara. Ziliingia kwa nyundo nzito, zikiibana mbao, naye akafurahi.

"Baba."

Ottmar aligeuka, akakiona kitambaa. "Ulisema unaandaa nyuzi. Sasa unafua?"

"Umeujua tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Nimetia gundi nyepesi ndani. Ingeshika."

"Ingeshika hadi lini?"

"Hadi nife. Baada ya hapo ungejitetea mwenyewe."

Bi. Leuschner aliwatazama kwa zamu. "Jamani, kuna msiba?"

"Kuna ufa," Heidrun alisema. "Ni wangu. Jumapili haitawezekana."

"Mbele ya mteja, binti?"

"Jina la juu ndilo linalojibu. Si wewe uliyenifundisha?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Na zile piano nyingine, Baba? Ngapi umezipaka wanja?"

Mzee alijipangusa maganda ya yai mapajani.

Bi. Leuschner alirudi kanisani kuwaambia waimbaji wake kwamba wataimba bila piano. Ottmar alivaa buti, akaenda stoo kuchagua ubao uliokauka vizuri. Heidrun alibandua mbao iliyopasuka, akalifunga jino nene kwenye keekee, na kwanza akatoboa kipande kilichosalia kwa kujaribu, mpaka pini ikaingia kwa nyundo nyepesi bila mbao kulia. Kibao cha kwanza alikiacha bila jina, hadi nyuzi zikazwe bila ufa.