Dumu la Maji ya Ukerewe

1.
TANGAZO KWA WENYE VYOMBO
Chombo chochote kitokacho ziwa jingine hakitashushwa majini kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto, kukaushwa na kukaguliwa. Huduma ni bure. Inagharimiwa na fedha za umma.
Dkt. Leokadia Ntahondi, Mkuu wa Kituo, Kigoma

2.
Vilivyokutwa kwenye boti ya Nahodha Mafuru, iliyoletwa kwa lori kutoka Ukerewe:
konokono, arobaini na mmoja
mizizi ya gugu maji, imejisokota kwenye injini
chura
(hai)

3.
Usicheke, msomaji. Leokadia hakucheka. Alisoma Mwanza, akaona gugu limefunga gati na meli imekwama, watu wanaitazama tu. Akaapa kwamba mwalo wa kwao Kigoma, boti zinapofikia, hautaiona siku hiyo. Miaka mitano aliandika maombi ya fedha, miaka mitano akajibiwa kuwa serikali ina shida kubwa kuliko konokono. Mwishowe akapewa mwaka mmoja wa majaribio. Leo mgeni rasmi amekuja kutoka wizarani kuona boti ya kwanza ikishushwa, na kuamua kama kituo kiendelee au kifungwe.

4.
(mwaloni, wapiga soga wawili)
— Boti inaogeshwa kama bibi harusi.
— Na wewe lini?

5.
Boti iling'aa. Leokadia alijivuna, na kwa nini asijivune? Kila ubao aliupapasa kwa mkono wake.

Ndipo Nahodha Mafuru akatoa dumu la njano. Katika ukoo wao wa mafundi boti, chombo hakiendi ugenini mikono mitupu. Huchukua maji ya nyumbani, yakamwagwa kwenye maji mapya, kisijione mgeni. Alimkabidhi mgeni rasmi heshima hiyo.

Fomu ya ukaguzi ya Leokadia iliuliza habari za nanga, kamba, hata viatu vya mabaharia.

Dumu?

Hakuliandika. Kosa lilikuwa lake mwenyewe.

6.
Mgeni rasmi ameinua dumu. Wapiga picha wako tayari. Leokadia akimzuia, atamwaibisha mkubwa mbele za watu, na kituo kitakwenda na maji. Asipomzuia

7.
"Mheshimiwa, usimwage."

8.
Dumu likabaki hewani.

9.
Alieleza kwamba kijiko kimoja cha maji yale chaweza kubeba mayai ya konokono. Uso wa Nahodha Mafuru ulimshuka.

"Daktari, haya aliyachota baba. Hayupo tena wa kuchota mengine."

Leokadia alimwonea huruma, lakini hakurudi nyuma.

"Hatuyatupi, Nahodha. Tunayachemsha. Yatabaki kuwa ya baba."

Mama Bukuru, muuza chai, alikuwa amekwisha kuosha sufuria.

10.
NYONGEZA, kwa kalamu, pembeni mwa fomu:
Je, kuna maji ya nyumbani? Yachemshwe.

11.
Mgeni rasmi alivua koti, akaketi kwenye benchi la chai. Barua ya uamuzi kuhusu kituo ilikuwa mfukoni mwake, haijatiwa sahihi. Nahodha Mafuru alichutama akichochea kuni, akiwafukuza waliosogea: maji hayajachemka.

"Daktari," mgeni rasmi akauliza, "boti zilizokuja kabla ya kituo hiki zilimwaga madumu mangapi?"

"Hatujui, Mheshimiwa." Leokadia hakuinamisha kichwa. "Hakukuwa na mtu wa kuuliza."

Mgeni rasmi akaitoa barua. Akaanza kuisoma upya, tangu mstari wa kwanza.