Namba za Jorma, Namba za Riikka

...kwa hiyo hakuna kitu, Jorma amesema hakuna kitu, na huku akisema anakata mkate mtamu wa iliki kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kasi ya kusoma haikutofautiana na ya madarasa ya kawaida, imla haikutofautiana, ufahamu ulikaribia kutofautiana lakini haukufika, na saa nane mchana halmashauri itaambiwa hivyo na madarasa ya polepole, ambamo watoto hufundishwa kusoma bila kuharakishwa, yatafungwa kabla theluji haijayeyuka, na Hilkka anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari, amechoka, amechoka mpaka kope zinamuuma, miaka yote ile ya kufundisha watoto wadogo kusoma, soksi zao za sufu chini ya madawati, halafu miaka hii ya kuwapima... "Mwalimu, unakoroga nini humo, uji?" Jorma anamtania, naye anatabasamu kwa adabu, kwani humu ofisini watu hawachokonoani zaidi ya hapo, kila mtu na meza yake, kila mtu na kipimo chake, Jorma kasi, Riikka imla, yeye ufahamu, na kuchungulia namba za mwenzako ni kama kumfunulia sufuria jikoni kwake... Riikka anasimulia kitu, mabomba ya bibi yake yameganda tena, bibi hataki fundi... katika namba hizi hata Eelis haonekani, Eelis wa darasa la polepole, aliyesoma kwa kidole, neno, pumziko, neno, wenzake wamemaliza ukurasa wanatazama nje, halafu akainua uso akauliza mbona mbweha wa hadithini anaomba msamaha na bado hajala kitu, na hakuna mwingine aliyeliona hilo, hata yeye Hilkka hakuliona, lakini kwa Jorma Eelis ni mzito kidogo tu, kwa Hilkka anaelewa kidogo zaidi ya wengine, si ajabu huku wala kule, watoto wazito wapo tele, wanaoelewa wapo tele, ila... ila kwa kawaida hivyo viwili huenda pamoja, anayesoma polepole huachwa na maana njiani, sasa mzito anayeelewa kuwapita wepesi, na kama darasa zima liko hivyo, huyo ameandikwa kwenye jedwali la nani? ...baba yake aliwahi kumpeleka ziwani kutazama mashindano ya kuteleza kwa mbao, ukisimama gatini kwenu unaona umati mmoja barafuni, ukizunguka mpaka upande wa kanisa bado umati mmoja, lakini walipokata njia ya mshazari kurudi nyumbani pakafunguka uwazi mweupe katikati, farasi na sleji yake ya kuburura thelujini wangepita, makundi mawili, na yalikuwa mawili tangu asubuhi... "mtoto mwenye miaka themanini na sita anapanda juu ya paa," Riikka anasema, maana yake bibi, na Jorma anacheka... na mpango wao, waliouandika kabla ya kumpima mtoto hata mmoja, ulisema vipimo vyote vitatu vitatazamwa kwa pamoja, kwa hesabu moja, hawakusahau, hapana, kila mmoja alingoja mwenzake aanze, kuanza kulitaka kumwomba mtu kazi yake kabla hajaitoa mwenyewe, basi wakagawana mtoto vipande vitatu, kila mtu akapima kipande chake vizuri sana... huenda hakuna kitu kweli, huenda hata kwa pamoja namba zikanyamaza, na zikinyamaza atakwenda yeye mwenyewe kuwaambia wazazi wa Eelis, hilo analiweza, ila hili la sasa, kusema hakuna na hawajatazama... Jorma amejipangusa makombo, amevuta kompyuta karibu. "Basi naituma ripoti."

"Usiitume," Hilkka anasema.

Riikka anamwacha bibi yake juu ya paa. Jorma anamtazama, mkono hewani.

"Nipeni namba zenu. Za kila mtoto, si wastani," anasema, na masikio yanamwaka moto kama mtu aliyefungua mlango wa watu bila hodi, lakini hageuki kurudi.